Bei Imepanda au Imepandishwa? Kitenzi Kinachomficha Mtenda

MAJUZI nilikuwa ndani ya matatu kutoka Ngong kuelekea katikati ya jiji la Nairobi. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha alfajiri na magari yalikuwa yakisonga kwa mwendo wa kobe. Kondakta, barobaro aliyevaa kofia kinyumenyume, akaanza kukusanya nauli. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu akampa noti ya shilingi mia moja, akangoja chenji.

"Mathe, hiyo iko sawa. Leo hakuna chenji. Fare imepanda," kijana akasema.

Mama akageuka polepole. "Imepanda yenyewe, ama nyinyi ndio mmeipandisha?"

Abiria wakaangua kicheko. Kondakta akajikuna kichwa. "Sasa mathe, si unaona mvua?"

"Kumbe ni mvua imeipandisha! Basi iambie mvua ije ichukue pesa zake."

Chenji hakurudishiwa. Lakini kwa swali moja alikuwa amelifafanua jambo ambalo mimi hulifundisha darasani kwa wiki mbili nzima, na bado wanafunzi wangu wakatoka wakinung'unika kwamba mofolojia ni somo gumu lisilo na faida maishani. Mama yule alijua faida yake. Alijua kwamba kati ya 'imepanda' na 'imepandishwa' kuna mtu amesimama, na alitaka kumwona uso.

Mpenzi msomaji, leo ninataka tulichukue swali la mama huyo tulipeleke katika vyumba vya habari, maana nina malalamiko. Ila kabla ya kufika huko, hebu kwanza tupitie Kiingereza, kwa sababu sehemu ya ugonjwa huu tumeambukizwa tukitafsiri.

Yeyote aliyesomea shule zetu amewahi kupoteza alama kwa sababu ya vitenzi viwili vya Kiingereza, 'rise' na 'raise'. Vyote viwili vinahusu kwenda juu. Tofauti ni kwamba 'rise' ni kitenzi sielekezi, hakihitaji shamirisho: jua, moshi au mtu aliyekuwa ameketi, kila mmoja huenda juu bila ya kuinuliwa na mwingine. 'Raise' nacho ni kitenzi elekezi. Lazima pawe na anayekwenda juu na anayempeleka. Mwanafunzi akiandika kwamba jua 'raises' upande wa mashariki, mwalimu ana haki ya kumuuliza: linainua nini?

Kwa nini vitenzi hivi vinafanana kiasi cha kutukanganya? Ni ndugu wa ukoo mmoja. 'Rise' ni neno la asili la Kiingereza cha Kale. 'Raise' liliingia pamoja na watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza na kulowea huko zamani za Waviking. Kiingereza chenyewe kilikuwa tayari na neno lake la kazi hiyo, 'rear', ambalo leo limebaki zaidi katika kulea watoto na kufuga mifugo. Asili ya jozi hii ni kauli ya kutendesha, ambayo lugha mama ya Kiingereza ilikuwa nayo zamani. Kauli hiyo ilikufa, yakabaki masalia machache: 'sit' na 'set', 'lie' na 'lay', 'fall' na 'fell' ya kuangusha mti. Mzungumzaji wa Kiingereza leo haoni kanuni yoyote hapo. Anakariri tu.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha. Mwingereza akiongezewa mshahara huita nyongeza hiyo 'rise', ilhali Mmarekani huiita 'raise'. Kwa Mwingereza ni kana kwamba mshahara umepanda kama jua. Kwa Mmarekani, kuna aliyeupandisha. Sisi wahadhiri wa Kenya katika hili tuko upande wa Mmarekani. Katika miaka yote niliyofundisha sijawahi kuuona mshahara ukipanda wenyewe, hata siku moja.

Sasa turejee nyumbani. Kile ambacho Kiingereza kilikipoteza, Kiswahili kinacho hai hadi leo, na mtoto wa miaka minne anakitumia pasipo kufundishwa. Tunacho kwa njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kiambishi cha kutendesha. Mtu hupanda ngazi, na mwingine humpandisha. Ndege hupaa, na mwenye kilio hupaza sauti, yaani huifanya ipae. Mkwezi hukwea mnazi, na atakayekipeleka kitu juu hukikweza. Ndiyo maana tuna neno 'kujikweza' kwa yule ambaye hakuna aliyemwinua isipokuwa nafsi yake mwenyewe.

Njia ya pili ni jozi za vitenzi ambamo kimoja kina sauti ya 'k' na kingine hakina. Aliyeketi huinuka, anayemsaidia mgonjwa humwinua. Kilichozama huibuka, aliyekipiga mbizi hukiibua. Jambo huzuka, mchochezi hulizua. Maiti hufufuka; mwenye uwezo huo huifufua. Hata jikoni kanuni ni ile ile: unga wa mandazi huumuka, na hamira ndiyo inayouumua.

Tazama basi utajiri huo. Kiingereza hulitumia neno 'rise' kwa jua, kwa unga, kwa maiti na kwa bei. Sisi jua letu huchomoza, unga huumuka, maiti hufufuka na bei hupanda. Na takribani kila tukio kati ya hayo lina mwenzake anayemtaja mtenda. Lugha imetupa taa ya kumulika kila pembe. Malalamiko yangu ni kwamba wanahabari wetu wameizima.

Zingatia sentensi hizi tatu:

(i) Bei ya mafuta imepanda.

(ii) Bei ya mafuta imepandishwa.

(iii) Serikali imepandisha bei ya mafuta.

Zote ni sanifu. Hakuna mwalimu atakayeipiga mkasi hata moja. Lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza inaichukulia bei kuwa kiumbe chenye miguu kilichoamka asubuhi kikaamua kukwea mlima. Ya pili inakiri kwamba kuna aliyeifanyia kitendo, ila haimtaji. Ya tatu inamtaja. Kutoka (i) hadi (iii) mtenda anatoka gizani, anasimama mlangoni, kisha anaingia sebuleni tukamwona.

Nimekuwa nikifuatilia magazeti na taarifa za runinga kwa muda, na sentensi ya (i) ndiyo mfalme. Nauli 'imepanda'. Karo 'imepanda'. Kodi ya nyumba 'imepanda'. Ushuru 'umepanda', ama ukipata bahati, 'umeongezeka'. Hebu nitajie, msomaji wangu, ushuru uliowahi kuongezeka bila ya mtu kuuongeza. Ushuru haumei kama magugu. Hujadiliwa Bungeni, hupigiwa kura, hutiwa saini. Kuandika kwamba 'umeongezeka' ni sawa na kuandika kwamba mti umeanguka ilhali shoka bado limo mkononi mwa mkataji.

Mfano wa mafuta unafaa kuchunguzwa kwa makini kwa sababu hauna jibu rahisi. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei zitakazotumika kwa mwezi unaofuata. Septemba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Je, ilipanda au ilipandishwa?

Jibu la mwanaisimu mwaminifu ni kwamba yote mawili yalitokea, na kazi ya mwandishi ilikuwa kuyatenganisha. Bei ya mafuta ghafi katika soko la dunia ilikuwa imepanda. Shilingi yetu ilikuwa imedhoofika mbele ya dola. Hayo hakuna afisa wa Nairobi aliyeketi akayaamua siku hiyo. Lakini kulikuwa na sehemu nyingine. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imeutoa ushuru wa VAT kwa bidhaa za mafuta kwenye asilimia 8 ikaufikisha asilimia 16. Hapo kitenzi ni kimoja tu: ulipandishwa. Na mtenda anajulikana kwa jina na kwa kura. Tena haikuwa mara ya kwanza kwa suala hilo kuzuka, au tuseme kuzuliwa. Mwaka wa 2018 ushuru huo ulipoanza kutozwa kwa asilimia 16, wananchi walipaza sauti, ukateremshwa hadi asilimia 8. Ulipandishwa, ukashushwa, ukapandishwa tena. Kila mara palikuwa na mkono.

Na hata lile soko la dunia, ukilitazama vizuri, halikosi mikono. Kuanzia Julai 2023 Saudi Arabia ilikuwa imepunguza uzalishaji wake kwa mapipa milioni 1 kwa siku. Basi ukiuliza swali la mama wa matatu mara ya pili na ya tatu, utaona kwamba 'imepanda' nyingi zina 'imepandishwa' ndani yake. Mwandishi anayeridhika na 'imepanda' ameacha kuuliza mapema mno.

Simaanishi kwamba kitenzi 'panda' kifukuzwe. La hasha! Kuna mambo yanayopanda kwa hakika. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Baringo yalipanda, yakameza nyumba, shule na hoteli, na familia zikalazimika kuhama. Hakuna aliyeyapandisha maji hayo kwa tangazo. Kadhalika nyanya zikiadimika baada ya mvua kubwa kuharibu mimea, na wanunuzi mia wakagombania kreti kumi, bei hupanda. Ukimtafuta mtu mmoja wa kumlaumu sokoni utamwonea mama mboga bure. Hapo 'imepanda' ndiyo kweli yenyewe, na 'imepandishwa' ingekuwa uchochezi. Ndiyo sababu lugha ikatupa vyote viwili. Ninachoomba ni kila kimoja kipewe kazi yake.

Sasa nifikie jambo linaloniudhi zaidi. Sikiliza jinsi lugha inavyobadilika bei inapoelekea chini. Bei ikienda juu, imepanda. Ikienda chini, ghafla wanatokea watu: 'tumeshusha bei'. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 9, serikali ya wakati huo ilitangaza kwamba pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ingeuzwa kwa shilingi 100. Sikumsikia mwanasiasa aliyesema kwamba bei ya unga 'imeshuka', kana kwamba imeteleza kwenye matope. Ilishushwa, na aliyeishusha alitaka ajulikane. Na sawa kabisa. Kama ni yeye, ni haki yake. Lakini mwenye haki ya kutajwa wakati wa kushusha ana wajibu wa kutajwa wakati wa kupandisha.

Angalia pia tunavyosema juu ya mambo ya fahari. Bendera ya Kenya ilipandishwa katika uwanja wa Uhuru Gardens usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Hakuna anayesimulia kwamba usiku ule bendera 'ilipanda'. Watu wa pwani wana hata kitenzi mahususi cha shughuli hiyo, kutweka, walichokipata katika tanga la jahazi, na kitenzi hicho hakikubali kabisa kutumiwa bila mtenda: tanga haliwezi 'kutweka'. Kadhalika mtu 'hupandishwa cheo', na siku hiyo huwataja na kuwashukuru wote waliompandisha. Kwa ufupi, penye sifa mtenda hujitokeza na penye lawama hujificha. Kitenzi 'panda' kimegeuzwa kichaka.

Nimewahi kulizungumzia jambo hili na wahariri kadhaa, wengine wakiwa ni wanafunzi wangu wa zamani. Hoja zao ni tatu, na si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni nafasi. "Prof, kichwa cha habari kina safu yake. 'Bei yapanda' inaingia, ile yako haiingii." Ninakubali kwamba karatasi ina mipaka. Lakini 'Bunge lapandisha ushuru' ni maneno matatu tu, na hayajamzidi mtu pumzi. Hata kichwa kikibana, aya ya kwanza haijabanwa na yeyote. Mara nyingi ninasoma habari kutoka juu hadi chini bila ya kumkuta mtenda popote.

Hoja ya pili ni tahadhari. Mwandishi hana hakika ni nani aliyepandisha, naye hataki kushtakiwa. Hii ni hoja ya kiungwana. Ila tahadhari haina budi kuandamana na kauli ya kutendwa, si ya kutenda. 'Bei imepandishwa' haimtaji mtu, haimsingizii mtu, lakini inamwachia msomaji mlango wazi wa kuuliza 'na nani?' 'Imepanda' huufunga mlango huo, maana swali 'imepanda na nani?' kwa maana tunayoitaka halipo katika lugha. Hiyo ndiyo nguvu ya sarufi: huamua ni maswali gani yanaweza kuulizwa.

Hoja ya tatu ndiyo ya kweli zaidi, nami nilielezwa kwa sauti ya chini. Taarifa huja kwa Kiingereza kutoka katika afisi za mawasiliano, saa zimekwenda, na mwandishi anatafsiri neno kwa neno. Afisi iliyoandika inafahamu vizuri tofauti ya 'rise' na 'raise', na imechagua 'rise' kwa makusudi, ama ikaandika kwamba bei 'zimefanyiwa marekebisho'. Mwandishi wetu anafasiri uficho huo kwa uaminifu mkubwa! Katika darasa langu la tafsiri huwapa wanafunzi sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba mwenye nyumba alipandisha kodi. Kila mwaka hawakosekani wanaoniletea 'Kodi ya nyumba ilipanda'. Ninawauliza, "Landilodi mmempeleka wapi?" Wanacheka. Lakini hao ndio watakaoketi kesho katika vyumba vya habari, na huko hakuna wa kuwauliza.

Tafsiri mbovu ya upande huu ina madhara mengine ya kuchekesha. Kwa kuwa 'raise' ni moja, basi kila kitu sasa 'kinainuliwa'. Nimesoma kwamba mbunge 'aliinua swali'. Swali si gunia. Swali huulizwa, suala huibuliwa, hoja hutolewa. Nimesikia mtu akisema alikuwa 'akiinua pesa' za matibabu. Wakenya, watu wa harambee, tumekosaje neno 'kuchangisha'? Na mtoto halei mtu kwa 'kumwinua'; hulelewa. Kuku nao hufugwa. Kila unapoona kitenzi kimoja kikifanya kazi za vitenzi sita, jua kwamba nyuma yake kuna Kiingereza kilichovaa kanzu.

Nifanye muhtasari kwa ajili ya mwandishi chipukizi, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayejiandaa kwa mtihani wa mnyambuliko. Kabla ya kuandika kwamba kitu kimepanda, jiulize: kuna aliyekipandisha? Ikiwa hakuna, andika 'kimepanda' na ulale usingizi. Ikiwa yupo na unamjua, mtaje: 'fulani amekipandisha'. Ikiwa yupo ila humjui, andika 'kimepandishwa', kisha uchukue simu uanze kumtafuta, maana hapo ndipo habari yako ilipo.

Tumezoea kufikiri kwamba kauli za vitenzi ni mambo ya ubaoni, ya kufanyia mtihani na kusahau. Tunawaambia watoto wanyambue 'panda' katika kauli ya kutendesha, wanaandika 'pandisha', wanapata alama moja, basi. Hatuwaambii kwamba kiambishi hicho kidogo cha '-ish-' kinaweza kumtoa mtu mzima mafichoni. Taifa ambalo wananchi wake husema 'imepanda' kila siku hatimaye huamini kwamba mambo hupanda yenyewe, na asiyejua kwamba kuna mkono uliopandisha hawezi kuudai ushushe.

Tulipofika mwisho wa safari mvua ilikuwa imekatika. Mama yule alishuka mbele yangu. Mlangoni akamgeukia kondakta, akamwambia kwa upole, "Kijana wangu, sasa mvua imeisha. Jioni nikirudi nitakuta imeshuka?"

Kijana akacheka. "Hiyo sasa mathe, nitauliza boss."

Basi kumbe boss yupo.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.